Leseni ya Nyuki Hai

1

Siku ya tatu mfululizo nyuki walirudi mizingani miguu mitupu.

Eliwaza Msengi aliwaona waziwazi kupitia kidirisha cha kioo alichokitoboa ubavuni mwa mzinga wa saba. Saa mbili asubuhi, mwezi wa tatu, alizeti imefunguka eka baada ya eka, nyuki alipaswa kuingia na miguu ya nyuma imevimba chavua ya manjano kama mama atokaye sokoni na vikapu viwili. Hawa waliingia wepesi, wakatangatanga juu ya masega, kisha wakajikunyata. Mmoja alianza ile ngoma ambayo nyuki huitumia kuelekezana penye maua: akakimbia hatua chache, akatikisa kiuno, akageuka. Hakuimaliza. Mwenzake alimjia kwa kasi, akamgonga kwa kichwa na kumtetemeshea mara moja, na ngoma ikafa palepale.

"Wanaambiana nini?" aliuliza Bi Salome Mpinga, aliyekuwa amechuchumaa nyuma yake. Shamba lilikuwa lake, na kinu cha kukamua mafuta kule barabarani kilikuwa chake pia.

"Huyo aliyemgonga mwenzake anasema wasiende. Kule kuna hatari."

"Hatari gani kwenye alizeti yangu? Sijapiga dawa hata tone."

Eliwaza alichukua kipima mtetemo, kifaa kidogo chenye ukubwa wa kiberiti na waya mwembamba, akaingia katikati ya mistari ya alizeti. Aliubana waya kwenye petali moja, akasubiri.

Hawakukaa sana. Kutoka upande wa mnara wa Shirika, ule uliosimama mlimani juu ya kijiji cha Mlandala, vilikuja vinyuki. Kwa mbali vilimetameta kama makapi yanayopepetwa. Kimoja kilitua kwenye ua alilolishika: mashine yenye ukubwa wa punje ya mahindi, mabawa ya utando, tumbo lenye vinywele vilivyochajiwa umeme ili chavua ijishikize yenyewe. Kilizunguka ua mara mbili, kikafanya kazi yake barabara. Kisha, kabla ya kuruka, kilikandamiza miguu yake sita kwenye petali na kutetemeka.

Kioo cha kipima kikachora mistari. Mitatu mifupi, mmoja mrefu, kimya, miwili mifupi.

Eliwaza aliisoma mara mbili. Mtu huujua mwandiko wake hata akiukuta ukutani kwa jirani. Mtetemo ule aliutunga mwenyewe, miaka kumi na minne iliyopita, kwenye karakana ya Shirika, akiwa na miaka ishirini na minne na sifa tele.

"Mimi nilijitoa kwenye huduma yao tangu Desemba," Bi Salome alikuwa akisema. "Nimeandika barua, wameipiga muhuri. Sasa hivi vinafuata nini kwangu?"

"Vimetumwa."

"Na nani?"

Eliwaza alikunja waya polepole. Mizinga arobaini ilikuwa imepangwa kando ya shamba lile, na ndani yake makundi arobaini ya nyuki hai, yote aliyokuwa nayo duniani. Akiba yao ya asali isingewafikisha mwisho wa mwezi.

"Nitakwenda kumuuliza," alisema.

2

Alikuwa na miaka sita nyuki walipokwisha. Watu waliuita wakati ule Miaka ya Kimya. Kulipopambazuka mama yake alimtia brashi ya manyoya ya mbuzi mkononi, wakaenda kwenye maboga, wakagusa ua dume, wakagusa ua jike, moja baada ya jingine, wakikimbizana na jua kwa sababu ua la boga hufunga mapema. Mikono yao minne ilizalisha maboga thelathini. Alizeti haikuzalisha kitu. Kichwa kimoja kina vijiua elfu na zaidi, nani atavichavusha kwa brashi? Vinu vya mafuta vilifungwa. Watu wakahama.

Kampuni binafsi zilipita. Zilikuwa na vinyuki vyao, vya kwanzakwanza, vizuri kabisa. Zilipima udongo, zikahesabu kaya, zikaangalia barabara, zikaenda zao kwenye mashamba makubwa ya wenye nguvu. Mlandala haikuwa na cha kumvutia mtu.

Shirika la Uchavushaji lilipoanzishwa lilikuja Mlandala kwa sababu moja tu: lilikuwa mali ya Serikali, na sheria iliyoliunda haikuliruhusu kuchagua kijiji. Lori lilipanda mlima likiwa na mnara umelazwa mgongoni. Kijana mmoja fundi aliruka kutoka kwenye lori, akamwona mtoto wa kike wa miaka tisa amesimama na brashi yake, akamwekea kinyuki kimoja kiganjani. "Kishike," akasema. "Hakikuli." Msimu ule maboga yalizaa mpaka yakaachwa njiani.

Fundi yule aliitwa Athumani Kisuda. Ni yeye aliyemwandikia barua ya kuingia chuo cha Shirika, yeye aliyemfundisha kuandika amri za mashine, yeye aliyempa kazi. Sasa alikuwa mkuu wa kanda nzima, ana miaka hamsini na tisa, ana nywele nyeupe na ofisi ya ghorofa ya tatu mjini Singida.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu." Eliwaza hakukaa. "Mwalimu, nani ameuwasha mtetemo wangu?"

Mzee Kisuda alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo Eliwaza alimshukuru kimoyomoyo.

"Agizo lilitoka makao makuu mwezi wa pili. Ni kanda hii tu, kwa majaribio. Nikalitia saini."

"Ugonjwa wa mabawa ulikwisha miaka minane iliyopita. Mtetemo tuliuzima pamoja, mimi na wewe, kwenye meza hii."

"Najua."

Wakati ule mtetemo ulikuwa na maana. Nyuki wachache waliobaki porini walikuwa wagonjwa, na kila ua lililoguswa na mgonjwa kisha na kinyuki lilipeleka ugonjwa kwenye kundi jingine. Ndipo Eliwaza akakaa na kumbukumbu za zamani za watafiti, akagundua kwamba nyuki wana neno la kukatazana, mtetemo mfupi wenye maana ya "acha, usiende". Akavifundisha vinyuki kulisema neno lile juu ya kila ua. Nyuki wagonjwa wakaepuka mashamba, ugonjwa ukakosa njia. Huenda ni kwa ajili hiyo kundi moja zima lilisalia ndani ya vichaka vya Itigi, lile alilolikuta mwenyewe miaka sita iliyopita alipotumwa na Shirika kupima msitu. Kutoka kwenye kundi lile ndiko ilikotoka mizinga yake arobaini.

"Nimefuga kwa kibali cha utafiti misimu minne, hamkunigusa," alisema. "Mwaka huu nimeomba leseni ya biashara, mmeninyima. Nimekwenda Baraza la Ushindani, mmewasha mtetemo. Mwalimu, nacheza mpira ambao refa ni nahodha wa timu pinzani."

"Sheria ndiyo iliyotupa filimbi, hatukuiiba."

"Basi nipulizieni kwa haki!"

Mzee alinyanyuka, akaenda dirishani. "Wewe sikuogopi, Eliwaza. Naogopa watakaokuja nyuma yako. Mlango ukifunguliwa kwako umefunguliwa kwa wote. Watakuja wale wale waliopita kijijini kwenu wakaondoka. Watachukua mashamba makubwa, ambayo ndiyo yanayolibeba Shirika, watuachie vijiji. Sisi tutadhoofika, kisha tutaanza kupunguza minara. Unadhani tutaanza kuipunguza wapi?"

Eliwaza alijua. Wangeanza na penye barabara mbaya. Wangeanza na Mlandala.

"Kwa hiyo nyuki wangu wafe njaa ili mlango usifunguke."

"Una mizinga arobaini. Mimi nina vijiji elfu tatu."

"Ufute huo mtetemo, Mwalimu. Tuufute tu, kesi iendelee kwa hoja."

"Kuufuta kunahitaji funguo mbili, wa mtunzi na wa mkuu wa kanda. Wangu siutoi. Nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, na sijawahi kukaidi agizo." Aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Alhamisi, mbele ya Baraza, ukikiweka hicho kipima mezani, utashinda. Sheria ya Viumbe iko wazi: mashine ikithibitika kudhuru kiumbe hai, zote za aina yake zinazimwa siku hiyo hiyo, nchi nzima, mpaka zikaguliwe. Ukaguzi ni miezi miwili. Maua ni wiki tatu. Sikutishi, mwanangu. Angekuwa mtu mwingine ningemtisha. Wewe nakwambia tu."

3

Jumatano alasiri mama yake alikuwa jikoni akikoroga uji wa ukwaju, na Bi Salome alikuwa kwenye kigoda akiusubiri na kikombe mkononi.

Ukwaju ule ulikuwa habari ya kijiji. Shirika lilikuwa na orodha ya mazao kumi na manne ambayo vinyuki vilifundishwa kuyajua. Alizeti ilikuwemo, maboga yalikuwemo, pamba, matikiti, korosho. Mkwaju haukuwemo. Kwa miaka karibu thelathini mikwaju ya Mlandala ilichanua na kupukutisha maua bure, na watoto walikua wakidhani ni mti wa kivuli. Msimu wa pili wa nyuki wa Eliwaza, mama mmoja alipita chini ya mti mmoja kando ya zahanati akaona maganda ya kahawia yananing'inia. Alipiga yowe, watu wakadhani ameumwa na nyoka.

"Mimi sielewi unachokifikiria," alisema Bi Salome. "Ushahidi unao. Wamekuja shambani kwangu bila kuitwa, wamefukuza nyuki wako. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumewasifu hawa miaka thelathini, sasa wanatunywesha maji."

"Nikishinda kwa mtetemo ule, minara yote inazimwa."

"Inazimwa na wao wenyewe! Wao ndio waliovunja sheria."

"Lakini watakaolala njaa ni wengine."

"Usipoutoa, na mimi alizeti yangu? Nilijitoa kwao kwa ajili yako. Mbegu za alizeti iliyotembelewa na nyuki wako zinajaa mpaka ncha, nimeziona kwa macho yangu kinuni. Nimewaambia wakulima ishirini. Leo nirudi nikawaambie nini?"

Eliwaza alimgeukia mama yake. Mama Msengi aliepua sufuria, akaonja uji kwa ncha ya mwiko, akaongeza sukari kidogo.

"Usinitazame mimi," alisema. "Maboga yao nimeyala, ukwaju wako nimeunywa. Unataka nitapike kipi?"

Bi Salome alicheka licha ya hasira yake. Mama alimmiminia, kisha akamsogezea bintiye kikombe.

"Ila neno moja nitasema. Brashi ile sijaisahau mgongoni mwangu. Mtu asije akanirudishia kwa sababu alikuwa na haki."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuondoka, Eliwaza alipita shambani. Mizinga sita ilikuwa kimya. Alifungua mmoja, akakuta nyuki wamekufa wakiwa wameingiza vichwa kwenye vishimo vya masega vilivyokauka, wakitafuta tone la mwisho. Alifunika. Akaweka kipima mtetemo kwenye mfuko wa kitambaa, akapanda gari la mafuta la Bi Salome kwenda mjini.

4

Baraza liliketi katika ukumbi wa jamii, chini ya kilima chenye mnara mkuu wa kanda. Mwenyekiti, Bi Radhia Makame, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu na desturi ya kumwacha mtu amalize sentensi yake. Upande wa kushoto aliketi mwanasheria wa Shirika, kijana nadhifu, na kando yake Mzee Kisuda akiwa amevaa koti la sherehe. Viti vya nyuma vilijaa watu wa vijijini. Wengine walitoka bonde la Wembere, siku nzima ya safari, kwa sababu walisikia kwamba kesi inahusu minara.

"Nyuki wako wanaweza kuhudumia kata ngapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Mbili, Mheshimiwa. Tukijaliwa, tatu."

"Shirika likiondoka kwenye zilizobaki?"

"Zitarudi kwenye brashi." Eliwaza aligeuka kuwatazama watu wa Wembere. "Sitalidanganya Baraza. Siwezi kufika wanakofika."

Mwanasheria alitabasamu, akainuka. "Mlalamikaji amesema yote. Huduma hii ni ya umma. Shirika linafanya kazi ambayo mtu binafsi haiwezi, na leseni zinalindwa ili kazi hiyo isiharibiwe na wachumaji wa haraka. Hakuna lingine."

"Lipo moja," alisema Eliwaza. "Nimekula kwa Shirika, nimesomeshwa na Shirika. Kila nilichokijua siku naondoka kilikuwa cha Shirika. Lakini Shirika lina orodha ya mimea kumi na minne, na mkwaju haumo. Hakuna aliyefanya makosa. Ni kwamba waliokaa mezani siku ile hakuna aliyeukumbuka mkwaju. Na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuukumbuka badala yao. Nyuki wangu hawana orodha, Mheshimiwa. Wanakwenda kwenye kila ua. Naomba tu awepo na mwingine nje ya ile meza."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Kweli," kisha akanyamazishwa.

Bi Radhia aliandika kitu. "Kuna mfuko mbele yako tangu asubuhi. Ni ushahidi?"

Mkono wa Eliwaza ulikuwa juu ya kitambaa. Chini ya vidole alihisi pembe za kifaa. Alimwona Bi Salome akimwashiria kwa kichwa: utoe, utoe sasa. Alimwona mwanasheria akiacha kutabasamu. Alimwona Mzee Kisuda akitazama sakafu, amekunja mikono kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu yake, na hakuinua uso kumwomba lolote. Nyuma yake mwanamke mmoja wa Wembere alikuwa amepakata kikapu cha mbegu za matikiti, alizonunua mjini kwa ajili ya msimu.

"Nikiuliza," aliendelea mwenyekiti, "ni kwa sababu kuna maneno ambayo nikishayaandika hapa, sheria hainiachii nafasi ya kufikiri mara ya pili."

Alikuwa anajua, au alikuwa anahisi. Eliwaza aliuvuta mfuko, akauweka mapajani.

"Ni kipima mtetemo, Mheshimiwa. Naomba kukiondoa."

"Eliwaza!" Bi Salome alikuwa amesimama.

"Mlalamikaji, unaelewa unachokipoteza?"

"Naelewa. Mizinga sita imekwisha kufa. Mingine haitamaliza mwezi." Alifunga mdomo wa mfuko. "Mimi nimekuja kuomba mlango. Nyumba hii ndiyo iliyonilea, sikuja kuibomoa na watu wamo ndani."

Akakaa. Aliogopa kumtazama Bi Salome, na alipomtazama alimwona amejifunika uso kwa mtandio.

Ndipo kiti kikaburuzwa. Mzee Kisuda alikuwa amesimama, na mwanasheria alikuwa amemshika mkono wa koti akimnong'oneza kwa hasira. Mzee aliutoa ule mkono taratibu, kama anavyotoa mtu mwiba.

"Mheshimiwa, mimi ni mkuu wa kanda. Sina ruhusa ya kusema nitakalosema. Naomba Baraza liahirishe kwa saa mbili. Kuna kazi niliitia saini ambayo sikupaswa kuitia saini. Mtunzi wake yuko humu ndani, na funguo zote mbili ziko humu ndani."

Bi Radhia Makame alimtazama, kisha akatazama ule mfuko mapajani mwa Eliwaza, na lazima alielewa, kwa sababu watu wa nyuma walimwona akivuta pumzi.

"Tunaahirisha," alisema. "Nitakaporudi nitasikiliza kilichopo, na si kilichokuwepo."

5

Njia ya kwenda mnarani ilikuwa ya mawe, na Mzee Kisuda alilazimika kupumzika mara mbili. Juu kulikuwa na upepo wa Singida, ule usiochoka, na vinyuki vilikuwa vikitoka na kuingia kwenye vitundu vya chuma kwa sauti kama mvua ya mbali. Chumba cha amri kilikuwa na meza moja na sehemu mbili za kuweka kidole gumba.

Amri za kanda nzima zilikaa mle. Kila mnara uliuliza mnara huu mara moja kwa saa nini cha kufanya, na kila kinyuki kiliuliza mnara wake. Kufuta hapa kulikuwa ni kufuta kila mahali, bila njia ya kurudisha.

"Watakufukuza," alisema Eliwaza.

"Watanistaafisha. Kuna tofauti ya barua tu." Mzee alikuwa bado anahema. "Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia leo. Ungeutoa ule ushahidi ningekuchukia, ningelala vizuri. Ukauficha. Ukaniachia mimi mzigo wangu."

"Sikufanya kwa kukusuta, Mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana umeniuma."

Eliwaza aliweka kidole. Kioo kikamwonyesha jina lake na tarehe ya miaka kumi na minne iliyopita, na mistari ile: mitatu mifupi, mmoja mrefu. Kazi nzuri, bado alijivunia. Ilizuia ugonjwa. Iliacha kundi moja hai.

Mzee Kisuda aliweka cha kwake. Mistari ikatoweka mmoja mmoja.

Nje vinyuki viliendelea kuruka kama kawaida. Hakuna hata kimoja kilichosimama.

"Mwalimu," alisema Eliwaza walipokuwa wakifunga mlango, "siku ile ya lori, uliponiwekea kinyuki mkononi. Sijawahi kukushukuru."

"Ulikuwa mtoto."

"Nimekuwa mtu mzima miaka mingi. Nilidhani unajua, nikaona haya kusema. Asante. Kwa kinyuki, na kwa chuo, na kwa kila ulichonipa mpaka nikaweza kukushtaki."

Mzee alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani, akageukia upande wa upepo akajifanya anasafisha miwani. Eliwaza alimsubiri. Hakukuwa na haraka tena.

6

Baraza liliporejea, mwanasheria alikuwa na barua ya makao makuu mkononi, ya kumstaafisha Mzee Kisuda, na hakuwa na hoja nyingine. Bi Radhia Makame alisoma uamuzi wake kwa sauti ile ile ya taratibu. Shirika litaendelea na huduma yake kila kijiji, kama lilivyoundwa. Lakini mshindani hawezi kuwa mtoa leseni: kazi hiyo inaondoka Shirika na kukabidhiwa ofisi nyingine isiyo na kinyuki hata kimoja. Na yeyote atakayepewa leseni, awe mkubwa au mdogo, kwa kila shamba kubwa atakalolihudumia atahudumia pia kijiji kimoja kisicho na barabara nzuri.

"Yeyote?" aliuliza Eliwaza, akiifikiria mizinga yake.

"Yeyote, mama. Umesema ukumbini kwamba huwezi kufika wanakofika. Utaanza kujifunza."

Bi Salome, ambaye alikuwa hajamsemesha tangu asubuhi, aliangua kicheko. "Haya," alimwambia walipotoka. "Umeomba mlango, umepewa na njia ya miguu."

Kesho yake saa nne nyuki mmoja wa mzinga wa saba alirudi na miguu imejaa. Alipanda masegani, akaanza ngoma, akaimaliza, akaianza tena. Wenzake wanane walimfuata nyuma. Eliwaza alitazama mpaka kidirisha kikaingia ukungu wa pumzi zake. Hadi maua yanakauka makundi kumi na tisa yalikuwa yamekufa au kutoroka, na ishirini na moja yalikuwa hai. Bi Salome alikamua mafuta yake. Hayakuwa mengi kama alivyowaahidi wale wakulima ishirini, lakini yalitosha kwa kumi na wawili kujiandikisha kwa nyuki wa Eliwaza, na wanane wakabaki na Shirika, na Eliwaza hakuwalaumu.

Shirika nalo halikulala. Miezi michache baadaye lilitangaza kwamba orodha yake itakuwa na mimea kumi na tisa. Mkwaju ulikuwa wa kumi na tano.

"Wamekuibia!" alilalamika Bi Salome.

"Waache waniibie," alisema Eliwaza, na alishangaa kuona kwamba alikuwa anafurahi kweli.

Kijiji chake cha kwanza cha lazima kilikuwa mwisho wa bonde la Wembere, ambako gari liliishia na mizinga ikabebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mzee Kisuda aliyestaafishwa alikuja kusaidia. Hakuna aliyemwita, alitokea asubuhi akiwa na kofia pana na viatu vya kazini, akasema amechoka kukaa barazani akisikiliza redio. Eliwaza alimfundisha kubeba mzinga bila kuutikisa, kuupulizia moshi, kutopumulia mlangoni. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alishika vitu kama fundi, kwa uhakika uliopitiliza.

Walikuwa wakishusha mzinga wa nne aliposhtuka, akaachia upande wake, akakamata shingo.

"Nini?"

"Kitu kimenichoma. Kama cheche." Alitoa mkono. Katikati ya vidole vyake alikuwepo nyuki mdogo wa kahawia, anajikunja, tumbo limeachana na mwiba wake. Mzee alimtazama kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyesalimiwa na kiti.

"Tulia, nitautoa." Eliwaza aliukwangua mwiba kwa ukucha. "Pole, Mwalimu. Atakufa sasa. Akiuma mara moja ndiyo basi."

"Kumbe anajua hilo na bado anauma?"

"Mzinga ni wake."

Shingo ilikuwa inavimba. Mzee Kisuda alimweka yule nyuki juu ya jani, polepole sana.

"Miaka thelathini," alisema. "Nimetengeneza nyuki milioni mia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikatalia."

Kisha akakunja mikono ya shati, akaingiza vidole chini ya mzinga, safari hii taratibu, na kumngoja Eliwaza ashike upande wa pili.